Kaka Yake Hasikii

Mwenzangu wa chumba cha pili tulimwita Nukta, na jina alijitakia mwenyewe. Alikuwa mpimaji wa usikivu kwenye kliniki yetu ya masikio. Mimi ni muuguzi wa mlango unaofuata, kazi yangu kuosha masikio. Watu huicheka kazi hiyo mpaka siku wanapoletwa wameshika kichwa, punje ya hindi imevimba ndani ya sikio. Tumekaa ukuta kwa ukuta miaka mingi, na ukuta wenyewe ni mbao nyembamba, kwa hiyo ninayosimulia sikuambiwa na mtu.

Jina lilitokana na ugomvi wake na mihimili. Wakubwa wetu walipenda chati za mihimili: huu mrefu, huu mfupi, mkutano umekwisha, twendeni tukanywe chai. Nukta alikuwa hazitaki kabisa. "Mhimili ni blanketi," alikuwa akisema. "Umewafunika watu wote unaona kilima tu. Hujui nani amelala, nani miguu iko nje." Yeye kila mtu alimpa nukta yake kwenye chati. Kama wapimwa ni mia, basi nukta mia, hata kama zimerundikana kama mchwa waliomwagiwa maji. Ukimwambia hazisomeki, anakusogezea kiti na kukuonyesha moja moja, na hutoki hapo mpaka chai yako imepoa.

Hakusomeshwa na mtu kuchora hizo chati. Kliniki ilikataa kununua programu za bei kubwa, akaingia mwenyewe mtandaoni akapakua programu huria, zile za bure ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzifungua tumbo aone zimeundwaje. Alijifunza kwa kukosea. Nilikuwa nasikia kupitia ukuta anavyoitukana kompyuta, kisha kimya, kisha kicheko cha peke yake, nikajua imekubali. Na kila alichopima alikiweka wazi kwenye ukurasa wake wa mtandao: vipimo vyenyewe, chati, na jinsi alivyozichora, ili mtu wa popote aweze kurudia hesabu ileile. Majina hakuweka. Kila mtu alikuwa namba tu.

"Sasa wakiona makosa yako?" daktari wetu mkuu alimuuliza siku moja, mlangoni kwangu.

"Si ndiyo maana ya kuyaweka, daktari?" Nukta akacheka. "Ningetaka wasione ningeyafungia kabatini."

Nilimwonea fahari siku ile. Leo nikikumbuka kicheko kile natamani kumfunika mdomo.

Utafiti uliomletea balaa ulikuwa wa karakana ya vyuma, ile kubwa iliyoko nyuma ya reli. Humo ndani ni nyundo, misumeno ya chuma na mashine za kusaga kutwa nzima. Ukipita barabarani unaongea kwa ishara. Nukta alitaka kujua jambo moja rahisi: wanaovaa vizibo vya masikio na wasiovaa, nani anasikia vizuri zaidi? Wafanyakazi wakawa wanakuja kwa zamu kwenye kibanda chake. Kibanda ni kama kabati kubwa lenye kioo, sauti ya nje haiingii. Mtu anakaa ndani, ubavu kwenye kioo, anavaa hedifoni, anashika kitufe. Nukta yuko nje ya kioo, anapiga sauti ndogo ndogo kwenye mashine. Ukisikia, unabonyeza. Kompyuta inaandika kama umebonyeza, na inaandika pia umechelewa kiasi gani kubonyeza.

Kaka yake alikuwa fundi wa karakana hiyohiyo, mwendesha winchi ya kunyanyulia vyuma. Wenzake walimwita Winchi moja kwa moja, mpaka watoto wao wanamwamkia "Shikamoo, baba Winchi." Ndiye aliyemsomesha Nukta baada ya baba yao kufariki, na Nukta alimpenda mpaka inachosha. Chakula hakipiti hajasema kaka anakipenda au hakipendi. Siku ya kumpima alifagia kibanda mara mbili, kama anakuja mgeni wa serikali.

Winchi akaingia na kicheko chake kikubwa, akatazama kiti kilivyokaa ubavu, akakigeuza kuelekea kioo. "Mdogo wangu, humu ni kaburini. Acha nikuone uso nisife kwa upweke."

Nukta akamwacha. Wengine wote walikaa ubavu, kaka akakaa uso kwa uso. Nilipita na beseni langu nikawaona: huyu nje na mashine, yule ndani amemkazia macho dada yake, hata kope hazipepesi. Nikasema moyoni, jamani, kuna watu wana ndugu. Mimi kaka yangu hata simu yangu hapokei.

Masikio ya Winchi yakatoka mazima kabisa. Alikuwa hajawahi kuvaa vizibo maisha yake yote, anasema vinawasha, na bado alikuwa anasikia sauti ambazo vijana wa kuajiriwa juzi hawazisikii. Nukta alitangaza kliniki nzima kwamba kaka yake ana masikio ya popo. Winchi naye akatangaza karakana nzima kwamba Namba Tisa kwenye chati ni yeye. Siri ya namba ikaishia hapo.

Msimamizi wa karakana ndiye aliyeharibu zaidi. Alikuwa hataki vizibo tangu mwanzo, anasema vinachelewesha kazi. Akaichukua chati kutoka kwenye ukurasa wa Nukta, akaichapa kubwa, akaibandika penye mlango wa kuingilia. Nukta zote zilionyesha wasiovaa vizibo wanaharibikiwa, zote, isipokuwa moja iliyokaa juu peke yake. Msimamizi akaizungushia duara jekundu ile moja. "Mnamwona Winchi? Miaka yote hiyo bila vizibo. Haya, kazini!" Vijana wakaanza kuviacha kwenye mifuko. Mmoja aliniambia hivyo nikiwa namwosha masikio, na niliomba Mungu anisamehe kwa nilivyoibana ile sindano ya maji.

Halafu ikaja barua pepe. Mwanafunzi mmoja wa nchi ya mbali, Nukta hamjui wala hakuwahi kumjua, alikuwa amepakua vipimo vile ajifunzie kuchora. Aliandika kwa adabu sana. Aliuliza kama Namba Tisa ni mtu kweli au ni jaribio la mashine, maana nukta zake hazipandi.

Nukta alinijia amefura. "Ati mashine! Kaka yangu mashine!"

"Hazipandi ndiyo nini?"

Akanichorea, bado anafoka. Sauti ikiwa kubwa, mtu anabonyeza hapohapo. Ikiwa ndogo anasita, anajiuliza nimesikia au sijasikia, anachelewa. Kwa hiyo ukichora kuchelewa kwa mtu mmoja, kadiri sauti inavyopungua nukta zinapanda mlima. Alinionyesha Namba Tatu: mlima. Namba Kumi na Mbili, mzee wa kuchomelea: mlima mkali. Kisha akachora Namba Tisa ili tumcheke vizuri yule mwanafunzi.

Zilikuwa zimenyooka kama meza. Sauti kubwa, sauti ndogo, sauti ambayo hata panya angeomba irudiwe, Winchi alibonyeza kwa kuchelewa kulekule.

Nukta hakufoka tena. Akachora upya kwa kubadilisha rangi, kana kwamba rangi ndiyo yenye kosa. Meza ikabaki meza. Mimi sijui hesabu, lakini nilikumbuka yale macho yaliyokazwa kwenye kioo. "Hebu nipime mimi," nikamwambia. "Kiti kikae kama alivyokikalisha kaka yako. Na hiyo hedifoni ichomoe kabisa."

Nikaingia kibandani, hedifoni imefunika masikio na waya unaning'inia bila kuchomekwa popote. Kimya kitupu. Nikamtazama usoni. Kila alipotaka kupiga sauti, meno yake yaling'ata mdomo wa chini, kidogo tu, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Nami kila alipong'ata nikabonyeza. Sikukosa hata mara moja.

Aliyaona majibu yangu kwenye kompyuta, akaja akafungua mlango wa kibanda. "Nafanya nini?"

"Unang'ata mdomo, mwenzangu."

Alikaa chini pale pale kizingitini na koti lake jeupe.

Jumapili yake alinishika mkono twende wote kwa kaka, alikoishi pia mama yao. Alisema hataki kwenda peke yake asije akakosea kuona. Tulifika mchana. Winchi alikuwa uani, ametupa mgongo, anagongea mguu wa stuli. Nukta akasimama mlangoni nyuma yake.

"Kaka," akaita, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Nyundo ilipumzika kidogo akachukua msumari mwingine.

"Kaka!"

Akaupiga msumari.

Mke wake alikuwa jikoni anaosha sahani. Hata hakuinua kichwa. "Wifi, mguse kwanza," alisema, kama mtu anayekuambia viatu vua hapo. Halafu akasikia alichokisema. Sahani ikamponyoka ikarudi majini.

Ndipo Nukta alipoanza kuiona nyumba ile, na mimi nilimwona anavyoiona. Kiti cha Winchi mezani kimetazama mlango na dirisha. Mama anakaa daima mbele yake, hakai pembeni. Binti mkubwa alipotaka kumpa baba yake kijiko alimgusa bega ndipo akafungua mdomo. Miaka yote Nukta alikuwa akisifu, watoto wa kaka wana heshima, hawasemi na mzazi bila kumshika. Kumbe heshima gani. Nyumba nzima ilijua, mpaka mtoto wa kunyonya labda alijua, isipokuwa yule mmoja ambaye kazi yake ni kujua.

"Mama, kaka hasikii," Nukta akasema.

Mama yule akaendelea kukunja nguo. "Mimi nilikuambia. Toka mko wadogo nasema, huyu mtoto hasikii. Siku hizi ndiyo kabisa. Si nasema kila ukija? Kaka yako hasikii."

Ni kweli, alikuwa anasema. Hata mimi nilishamsikia. Lakini nani kati yetu hajaambiwa na mama yake kwamba hasikii? Nyumba zetu zote zina mtoto asiyesikia, maana yake kichwa ngumu, akitumwa dukani haendi, harudi mapema. Nukta alikuwa akijibu, "Mwache mama, ndiyo wanaume," na mama anatabasamu. Nililiangalia lile tabasamu la mama nikaona lilikuwa mlango uliofungwa vizuri. Alisema ukweli kwa namna ambayo hautasikika, na kesho akiulizwa ana pa kushika. Kikongwe yule nilimchukia dakika ile, na amenizidi umri mara mbili.

Winchi alikuwa ameingia. Alitutazama midomo mmoja mmoja, akaelewa.

"Nani kakwambia?"

"Chati," Nukta akasema.

Akacheka kidogo, akaona hakuna anayecheka. "Sikiliza, mdogo wangu. Ukiniandika vile, kesho wananishusha winchi. Mimi juu kule sihitaji masikio. Nawaona wote."

"Na aliye nyuma ya mzigo akipiga kelele simama?"

"Nawaona."

"Nyuma ya mzigo, kaka. Unamwonaje mtu aliye nyuma ya mzigo?"

Akalihama swali. "Na wewe je? Si ndiwe uliyenionyesha? Kila mara unaning'atia mdomo. Nilijua unanisaidia kijanja. Nikasema, damu yangu hii, ameamua kunibeba."

Uongo mtupu. Nilitaka kusema, lakini haikuwa nyumba yangu. Nukta akamsogelea.

"Ulikuwa unaniangalia muda wote. Nilifika nyumbani siku ile nikalia kwa furaha. Nilisema, tangu baba afe hakuna mtu aliyeniangalia vile."

"Nilikuwa nakuangalia, si uongo."

"Ulikuwa unauangalia mdomo."

Wifi akaanza kulia. Winchi akamshika dada yake mkono kwa mikono yake miwili mipana. "Usiniuze," akasema. "Mambo ya mtandaoni nani anayasoma? Mwambie huyo mwanafunzi ni kosa la mashine. Ifute hiyo namba kimya kimya, iishe."

"Umeshaniuza wewe," Nukta akasema, akauchomoa mkono wake.

Wiki ile hakutukana kompyuta. Ukuta ulikuwa kimya mpaka nikawa nabisha hodi bila sababu. Angeweza kuifuta Namba Tisa na nani angeuliza? Lakini chati ilikuwa imebandikwa mlangoni mwa karakana na duara jekundu, na vijana walikuwa wanaingia wamesikiliza nukta ile kuliko masikio yao wenyewe, na winchi ilikuwa inapitisha vyuma juu ya vichwa vyao. Aliniuliza mara moja tu: "Ungekuwa wewe?" Nikamwambia mimi naosha masikio, nisimpotoshe. Uoga wangu huo.

Mwisho aliyaweka marekebisho palepale wazi. Chati ya zamani hakuifuta. Aliiacha na ya pili akaiweka kando yake, nukta moja imetolewa. Akaeleza: majibu ya Namba Tisa hayafai kutumika, kosa ni la mpimaji, kiti kiligeuzwa na uso wake ulikuwa unatoa ishara. Neno moja la kumlaumu kaka yake halikuwemo. Kisha akaichapa mwenyewe, akavuka reli, akaibandika juu ya ile ya duara jekundu. Msimamizi akaibandua. Akarudi na nyingine, na gundi ya seremala.

Karakana nzima walijua Namba Tisa ni nani, kwa sababu mwenyewe alikuwa ameshajisifu. Kwa hiyo wakuu wa karakana wakaagiza: Winchi apimwe upya, na mpimaji awe yuleyule, maana mwingine hatuna.

Siku ya kipimo alikuja bila kicheko. Mama yao alikuja naye, akakaa kwenye benchi langu la wagonjwa akaniambia kwa sauti ya kusikika chumba cha pili, "Huyo si mwanangu. Mwanangu hawezi kumshusha ndugu yake." Nikaendelea kupanga sindano zangu. Milango yetu ilikuwa wazi, na kioo kilikuwa kinaonekana kutoka pale nilipo.

Kiti kilitazamishwa ukutani. Winchi akakaa, mabega yake makubwa yameuziba mlango mdogo wa kibanda. Nukta akaanza. Alikuwa hang'ati mdomo tena. Aliubana wote, umekuwa mstari. Akapiga sauti, kimya. Akapandisha, kimya. Akapandisha mpaka mimi nje, mbali na zile hedifoni, nilidhani nasikia kitu. Winchi akabonyeza mara chache, na alipobonyeza hakukuwa na sauti yoyote. Alikuwa anabahatisha, masikini, kama mtoto wa darasa la kwanza anayenyoosha kidole kila swali.

Nilimwona Nukta akiacha mashine. Alivuta kile kipaza sauti kidogo cha kuongea na aliye ndani, akakisogeza karibu.

"Kaka, kwa nini hukuniambia?"

Mgongo haukujongea. Nukta akazungusha swichi ya sauti juu.

"Kaka, kwa nini hukuniambia mimi?"

Hakuna kitu. Mama kwenye benchi langu akawa ameinamisha kichwa. Nukta akazungusha mpaka mwisho wa mashine, mahali ambapo sisi hatupelekagi, na akauliza tena swali lilelile, polepole, uso umelowa, akijua hakuna wa kumsoma.

Ndani ya kibanda Winchi akanyanyua kichwa kidogo. Akatega. Kisha, kwa utiifu, kama alivyoelekezwa afanye kila anapohisi kuna mlio, akabonyeza kitufe.